Roboti haikai na chaji: pima kwanza, betri utanunua baadaye

Msimu wa korosho ukipita, kibandani kwangu hapa Lindi mjini huanza msimu mwingine. Minada ikifunguliwa mwezi wa kumi na hela zikaingia, watoto hununuliwa midoli: magari ya rimoti, mbwa wa kubweka, roboti za kucheza muziki, na mijusi wakubwa wanaotembea huku wakinguruma. Masika ikikolea wanaanza kurudi mmoja mmoja, ndani ya mfuko, na maneno ni yale yale: "Fundi, betri imekufa, niwekee nyingine."

Mara nyingi betri haijafa. Na ikiwa imekufa kweli, kilichoiua bado kimo humo humo ndani, kinaisubiri hiyo mpya.

Bibi mmoja alivuka maji kutoka Kitunda na mjusi wa kijani wa mjukuu wake. Alishanunua betri za kuchaji seti mbili, ya tatu alitaka nimwagizie Dar es Salaam. Nikafungua mfuniko wa tumboni, nikakwangua springi moja kwa ncha ya bisibisi, mjusi akanguruma mpaka bibi akasogeza kiti nyuma. Ilikuwa chumvi tu. (Watoto wa huku wanamwita mjusi wa Tendaguru, na hawakukosea. Mifupa iliyochimbwa na Wajerumani kule Tendaguru kati ya 1909 na 1913 ilibebwa na wapagazi mpaka bandari yetu ya Lindi, na mmoja wa hao dinosaria amesimamishwa Berlin, kimo zaidi ya mita 13. Huyu wa bibi ana kimo cha chupa ya maji na anakula volti 4.8.)

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, tafuta mita. Ile ya kawaida ya nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, inatosha. Kama huna, azima kwa fundi redio. Iweke kwenye volti za DC (umeme wa betri), alama ya 20. Uwe pia na bisibisi nyota ndogo, mswaki mkuukuu, ndimu au siki, spiriti kidogo na tepu nyeusi. Simu nayo iwe karibu, utapiga picha kila unapofungua kitu.

Ujue kwanza unacheza na betri gani

Soma maandishi kwenye betri yenyewe. Maandishi ya boksi yaache, boksi huwa linasema lolote.

Ikiandikwa Ni-Cd au Ni-MH, kila seli (kile kibetri kimoja kimoja kinachounda pakiti) ni volti 1.2. Pakiti ya seli tatu ni 3.6, ya nne ni 4.8, ya tano ni 6, ya sita ni 7.2. Hesabu hii ishike, itakusaidia mbele. Hizi ni pakiti zilizovishwa plastiki ya rangi, seli zimepangwa kama vipande vya muhogo, au ni seli huru za ukubwa wa AA zinazokaa kwenye springi.

Ikiandikwa Li-ion au Li-Po, hiyo ni lithiamu, seli moja ni volti 3.7. Ikijaa kabisa inasoma 4.2, na ikishuka chini ya 3 imeishiwa. Mbili zikifuatana ni 7.4. Yapo maumbo mawili: la duara, na la bapa lililovikwa karatasi ya fedha kama pakiti ya biskuti.

Familia hizi mbili hazichanganyiki. Chaja ya Ni-Cd inasukuma umeme bila kujali betri imejaa au la, na Ni-Cd inavumilia kwa kupata joto. Lithiamu haivumilii, inavimba au inawaka moto. Anayekwambia "weka hii ya simu tu, itafanya kazi" anasema kweli kwa siku ya kwanza. Kubadilisha Ni-Cd kwa Ni-MH ya volti zile zile hakuna ubaya, ila ikiwa na mAh (kipimo cha umeme betri inaoweza kubeba) nyingi zaidi itakaa kwenye chaji muda mrefu zaidi.

Halafu kuna mtego wa umbo. Ipo seli ya lithiamu inaitwa 14500, inalingana na AA kwa urefu na unene lakini ina volti 3.7. Roboti ya betri tatu za AA inatarajia volti 4.5. Ukimpachikia tatu za 14500 amepata 11.1, na bodi yake, ile sahani ya ndani yenye vifaa vya umeme, utaisikia harufu kabla hujaona moshi. Kuna pia wanaochomoa seli kwenye taa za sola zilizokufa. Nyingi za hizo ni lithiamu ya aina nyingine, volti 3.2, na kikomo chake cha kujaa ni 3.65. Chaja ya kupandisha mpaka 4.2 itaishindilia kupita uwezo wake kila siku.

Haiwaki kabisa

Toa betri, pima kichwani na kitakoni. Kwa pakiti yenye plagi, choma ncha za mita kwenye matundu ya plagi, moja huku moja kule, zisigusane.

Ikisoma sawa na ilivyoandikwa au zaidi kidogo, betri ni nzima na tatizo liko njiani. Huku pwani anza na kutu. Springi na vibati vya betri vikipigwa na upepo wa bahari hufanya unga wa kijani au ukungu wa kijivu. Unga mweupe ulioganda kama chokaa ni kitu kingine: ni betri za kawaida, zisizo za kuchaji, zilizovuja. Ule unga unaunguza ngozi, usiuguse kwa mkono mtupu wala usiupulize ukaingia machoni. Uloweshe kwa ndimu au siki kwenye pamba, sugua kwa mswaki, futa kwa spiriti, acha pakauke. Kibati kikiwa bado cheusi, kipitishie msasa laini mpaka king'ae.

Bado kimya? Angalia waya unaoingia kwenye springi. Mara nyingi umeliwa ndani ya ganda lake, kwa nje unaonekana mzima. Uvute taratibu, ukinyooka kama mpira, umekatika ndani. Kisha swichi. Ziguse ncha mbili za swichi kwa kipande cha waya kwa sekunde moja; roboti ikishtuka, swichi ndiyo mkosaji, na swichi ni kitu cha bei ndogo.

Pakiti ya Ni-Cd au Ni-MH ikisoma pungufu, rudi kwenye hesabu ya 1.2. Umeichaji vya kutosha, ni ya 4.8, lakini inasoma 3.7 hivi: imepungua kwa kiasi cha seli moja. Seli moja kati ya nne imekufa. Unaweza kumpata aliyekufa kwa kupima moja moja pale zilipounganishwa. Ila usibadilishe huyo peke yake. Wenzake wana umri ule ule, na seli mpya ikifungwa na zee, zee linaisha mapema kisha linalazimishwa kugeuka chanya kuwa hasi. Badilisha zote.

Lithiamu ikisoma 0 kabisa, usiitupe bado. Nyingi zina kibodi, yaani bodi ndogo ya ulinzi, juu ya seli, chini ya tepu ya njano, ambacho hukata umeme betri ikiishiwa sana. Ichaji kwa chaja yake robo saa huku umekaa nayo, pima tena. Ikipanda kupita 3 na kuendelea kupanda, ilikuwa imelala tu. Lakini ukipima seli yenyewe, nyuma ya kibodi, ukakuta chini ya volti 2, iache. Imeharibika ndani, na ukiifufua inaweza kupiga shoti yenyewe siku nyingine.

Midoli inayofika hivi ni ile iliyofungiwa kabatini tangu sikukuu. Betri inajitafuna hata kama swichi imezimwa. Ichaji kidogo kila miezi miwili, na isikae juu ya kabati karibu na bati. Joto la mchana chini ya bati linazeesha betri hata kama haitumiki.

Taa zinawaka, akinyanyua mguu anazima

Dalili hii ndiyo inayowadanganya watu wengi, mafundi wakiwemo. Unapima betri, inasoma vizuri, unasema ni bodi. Kumbe umeipima imepumzika. Taa na sauti zinakula umeme kidogo sana, mota ndiyo mlaji. Betri iliyochoka inaonesha volti nzuri ikiwa haifanyi kazi, ukimpa mzigo inaanguka.

Kwa hiyo pima akiwa anatembea. Mshikilie hewani miguu ikicheza, mtu mwingine ashike ncha za mita kwenye betri. Tuseme ni ya 4.8. Imepumzika inasoma 5.1, mota ikianza inaporomoka hadi 3.5 na roboti inajizima. Sasa usikimbilie dukani. Pima mara mbili: kwanza kwenye vichwa vya seli zenyewe, kisha upande wa pili, pale nyaya zinapoingia kwenye bodi, mota ikiendelea kuzunguka.

Ikiwa kwenye seli ni 3.5 na kwenye bodi ni 3.5, betri imechoka. Badilisha.

Ikiwa kwenye seli bado ni 4.7 lakini kwenye bodi ni 3.5, hiyo volti moja na ushee imepotelea njiani. Imeliwa na kutu, na springi iliyolegea, na swichi chafu. Umeme ni kama maji kwenye bomba lililoziba nusu: bomba likifungwa, msukumo ni ule ule, fungua koki uone yanavyochuruzika. Mjusi wa Kitunda alikuwa na shida hii. Angenunua hata seti kumi.

Wakati mwingine hata mota yenyewe inakula kupita kiasi, kwa sababu nywele au uzi wa kanga umejiviringisha kwenye ekseli. Zungusha magurudumu au miguu kwa kidole kabla ya kumlaumu yeyote.

Inajaa upesi, inaisha upesi

Dakika kumi taa ya chaja inasema imejaa, dakika tano za kucheza imekwisha. Hapa sina mengi. Betri imezeeka, uwezo wa kubeba umekwenda. Pakiti ya Ni-Cd unaweza kujaribu kuichezea mpaka roboti ipunguze mwendo, kisha uichaji vizuri, urudie mara tatu. Zikiamka, sawa. Lithiamu hiyo dawa haiifai kabisa. Kuimaliza hadi mwisho ni kuiumiza.

Imekesha kwenye chaji na haijajaa

Shuku chaja kabla ya betri. Chaja nyingi za midoli ni waya wa USB wenye kibodi cha ukubwa wa punje ya hindi. Pima inachotoa ikiwa haijachomekwa kwenye betri. Pakiti ya seli nne za Ni-Cd ili ijae inahitaji msukumo wa karibu volti 6. Chaja inayotoa 5 tupu itaifikisha njiani tu.

Soma mkondo wake pia. Tuseme chaja imeandikwa 250 mA na betri ni 700 mAh. Gawanya 700 kwa 250 unapata saa 2.8, ongeza karibu nusu kwa sababu sehemu ya umeme hugeuka joto: jumla ni kama saa nne. Umeme ukikatika saa mbili katikati, hizo saa mbili hazihesabiki. Na kwenye chaja hizi za Ni-Cd taa nyekundu maana yake ni "umeme unapita" tu. Haijui kama betri imejaa. Ukiichomeka saa kumi na mbili jioni, ukalala ukaamka saa kumi na mbili asubuhi, umeikaanga saa nane za ziada. Weka saa ya simu ikulilie.

Wanaoishi pasipo na nguzo za umeme wanachaji kwa sola, na hapo sina ubishi maadamu wanatumia tundu la USB la mashine yake. Ila tundu hilo jioni, betri ya sola ikiwa imelegea, hutoa umeme mwembamba, na roboti inakesha bila kupata kitu. Ichaji saa sita mchana. Waya wa moja kwa moja kutoka kwenye paneli usijaribu: paneli ya volti 12 juani hutoa hadi 18 na zaidi.

Imevimba, au inachoma mkono

Vuguvugu wakati wa kuchaji ni kawaida, hasa Ni-Cd ikikaribia kujaa. Ikikufanya uondoe mkono, chomoa.

Lithiamu bapa iliyotuna kama andazi imekwisha. Usiitoboe kutoa hewa, usiibane ili mfuniko ufunge, usiichaji "mara ya mwisho". Ichomoe, itoe nje, iweke kwenye ndoo ya mchanga mkavu mbali na nyumba. Mchanga ni kitu tulichojaliwa. Usiitupe jalalani panapochomwa taka, wala pakiti ya Ni-Cd usiitupe kwenye shimo la choo au shambani. Ndani ina kadimiamu, ni sumu inayobaki kwenye udongo. Mimi nazikusanya kwenye kopo, ncha zikiwa zimefungwa tepu, nikipata mtu wa vyuma chakavu anayepeleka Dar kwa wanaozipokea nampa.

Nikiwa hapo hapo kwenye hatari: rimoti ya roboti mara nyingi ina betri bapa ya mviringo kama sarafu. Mfuniko wake ukipoteza skrubu, usimrudishie mtoto. Betri hiyo ikimezwa inaweza kuunguza koo kwa ndani katika saa mbili. Ukishuku mtoto ameimeza, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama hajalia.

Kununua na kufunga mpya

Umepima, umejiridhisha, unahitaji betri. Vitu vitatu vilingane na ya zamani: aina, volti, na umbo litakaloingia. Namba ya mAh ikizidi kiasi ni heri. Ikizidi mno ni uongo. Seli ya 18650, milimita 18 kwa 65, iliyo nzuri kwa kawaida ina mAh 3500 hivi. Ukikuta imeandikwa 9900, mwenye duka hana kosa, naye kaletewa. Seli ya kweli ina gramu 45 hadi 50. Nyingi za bandia zina karibu 30, kana kwamba nusu ni hewa. Sonara yeyote ana mizani, muombe akupimie. Wa mtaani kwangu siku hizi hata haniulizi.

Kama pakiti ni ya kuchomea kwa risasi, kata waya mmoja, uufunge tepu, ndipo ukate wa pili. Ukipitisha mkasi kwenye nyaya mbili kwa pamoja, mkasi wenyewe ndio unaopiga shoti, na utabaki na pengo kwenye makali ya kukukumbusha. Usichomee risasi moja kwa moja kwenye kichwa cha seli, moto wake unaiharibu ndani. Agiza yenye vibati vilivyokwisha kubandikwa, uchomee kwenye ncha ya kibati.

Plagi ndipo wengi tunapoanguka. Pakiti mbili za kiwanda tofauti zinaweza kuwa na plagi ile ile nyeupe, inaingia vizuri kabisa, lakini chanya na hasi zimepishana. Usiamini rangi. Pima pakiti mpya kwa mita ukilinganisha na picha uliyopiga ya zamani. Zikiwa kinyume, inua kijiulimi cha plastiki kwa sindano, vuta waya, uhamishie tundu la pili, mmoja baada ya mwingine. Niliwahi kuruka hatua hii kwa mbwa wa kubweka wa jirani. Alitoa mlio mmoja, wala haukuwa wa mbwa, nikamlipa jirani mbwa mwingine.

Mpya imewekwa, bado kimya

Ichaji kwanza. Betri mpya huja na chaji kidogo, na za lithiamu zenye kibodi wakati mwingine haziamki mpaka zigusishwe chaja. Baada ya hapo hakikisha chanya imekaa upande wake, angalia hakuna karatasi ya plastiki iliyosahaulika kati ya seli na springi (inatokea kuliko tunavyokubali), kisha rudi kwenye "Haiwaki kabisa" na uanze upya na kutu.

Mota ikilia lakini mguu hausogei, betri haihusiki tena. Ni giya, jino limevunjika. Hiyo ni kazi ya siku nyingine.

Unapofunga, zirudishe skrubu kwenye matundu yake kama zilivyo kwenye picha. Mara nyingi ndefu ni za miguuni, fupi ni za mgongoni. Ndefu ikiingia mgongoni inafika kwenye pakiti uliyonunua leo asubuhi na kuitoboa.